Chuma Gani kwa Kisu cha Mfukoni? Anza na Kinoo Chako

Ukimuuliza muuzaji chuma kilicho bora kwa kisu cha kukunja, atakutajia cha ghali kuliko vyote alivyonavyo. Ukiwauliza wapenzi wa visu, watabishana mpaka chai ipoe: huyu M390, yule MagnaCut, mwingine anaapa kwa S90V. Wote wana hoja. Ila nyingi ya hoja hizo zimetoka Marekani na Ulaya, kwa watu wenye vinoo vya almasi vya kila daraja mezani, ambao kazi nzito ya kisu chao ni kufungua vifurushi viwili kwa wiki.

Mwongozo huu ni kwa aliyeko Uganda. Kisu chake kinakutana na utomvu wa matooke, maji ya nanasi, jasho la mfukoni na mvua ya saa nane mchana. Kikiisha makali, hakuna fundi wa kukirudisha kiwandani. Kwa mtu huyo nina ushauri mmoja ambao hatua zote zinazofuata zinautegemea: usinunue chuma usichoweza kukinoa mwenyewe.

Hatua ya 1: Kitazame kinoo kabla ya kisu

Chuma cha kisu ni chuma kilichotiwa kaboni pamoja na madini mengine kidogo kidogo. Kaboni hushikamana na kromi, vanadi, niobi au tungsteni na kufanya chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Chembe hizo ndizo zinazofanya makali yachelewe kulika, na ndizo zitakazokutoa jasho siku ya kunoa. Kinoo kisichozidi kabaidi kwa ugumu hakiikati. Kinakwangua tu chuma laini kilichoizunguka, na kisu kinabaki kikiteleza juu ya ganda la nyanya.

Kwa kipimo cha Vickers, kabaidi ya kromi ina ugumu wa takriban 1500, na ya vanadi takriban 2800. Sasa tazama vinoo. Jiwe la mchanga, lile ambalo wengi tumekua tukiona panga zikinolewa juu yake, linategemea kwatzi, na kwatzi ni takriban 1100. Vinoo vya oksidi ya alumini viko kwenye 2100 hivi. Jiwe la kijivu lenye pande mbili, moja korofi na moja laini, linalouzwa karibu kila duka la hadiweya, mara nyingi ni kabaidi ya silikoni, takriban 2600. Msasa mweusi wa maji nao ni wa aina hiyo hiyo. Almasi inapita 7000.

Ukiwa na jiwe la mchanga peke yake, nunua chuma cha kaboni au kisu cha Victorinox, na uishie hapo. Hata D2 itakusumbua. Ukiwa na jiwe la kijivu na subira, unaweza kumudu vyuma vingi vizuri, hadi vile vyenye vanadi ya asilimia 3 au 4. Vanadi ikifika asilimia 9, kama kwenye S90V, almasi si anasa tena. Habari njema ni kwamba bamba dogo la almasi la kichina siku hizi ni bei ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya kisu cha kawaida na cha chuma cha hali ya juu. Kama bajeti yako inatosha kisu kizuri bila kinoo, shusha kisu daraja moja na uchukue vyote viwili.

Hatua ya 2: Andika unachokata kweli

Chukua karatasi uandike kile ulichokata wiki iliyopita, si kile unachojiona ukikata porini Bwindi.

Makali yanaharibika kwa njia tatu, na kila njia ina dawa yake. Ya kwanza ni kulika. Mtu wa Kikuubo, mtaa wa biashara ya jumla Kampala, anayefungua makatoni tangu asubuhi, au anayekata kamba za mkonge na magunia, anapambana na vumbi na chembe za madini zilizomo ndani ya vitu hivyo. Huyo anahitaji kabaidi nyingi. Njia ya pili ni kumeguka au kupinda, pale makali yanapokutana na mfupa wa mbuzi kwenye muchomo, waya, au mtu anapotumia kisu kufungulia kopo la rangi. Hapo kabaidi nyingi ni hasara, kwa kuwa zinafanya chuma kiwe rahisi kumeguka. Kinachotakiwa ni ushupavu, yaani chuma kubeba kishindo bila kuvunjika. Ya tatu ni kutu, na kwetu hii inaua visu vingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inakula makali yenyewe kabla haijaonekana ubavuni.

Sifa hizi zinavutana. Ukiongeza kabaidi, ushupavu unapungua na kunoa kunakuwa kazi. Ukitaka chuma kisichojua kutu kabisa, mara nyingi unalipia kwa makali yanayoisha mapema. Hakuna chuma kinachoshinda pande zote, ingawa kimoja kimekaribia, nitakifikia.

Wa shambani, nawe nikuambie: ukitumia kisu cha kukunja kuchimbulia muhogo, mchanga hauheshimu jina la chuma. Tumia panga. Na mwenye kazi ya kupara samaki Ggaba au Kasenyi kila siku, sangara na ngege, kisu cha kukunja si chako hata kidogo. Magamba na damu vitaingia kwenye bawaba, na harufu haitoki. Nunua kisu cha mpini wa plastiki kisichokunjika, cha bei ya chini, uwe unakinoa kila asubuhi.

Hatua ya 3: Pima kutu ya kwako

Chuma kinachukuliwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromi ya kutosha, lakini hesabu ya jumla ya kromi inadanganya. Kinachozuia kutu ni kromi iliyo huru ndani ya chuma, inayofanya utando mwembamba wa oksidi juu yake. Kromi iliyofungwa ndani ya kabaidi haisaidii. Ndiyo sababu D2, yenye kromi ya asilimia 12 hivi, inapata madoa ukiisahau na maji ya limau usiku mmoja, wakati MagnaCut, yenye asilimia 10.7 tu, inastahimili kuliko vyuma vingine vyenye 14. MagnaCut ilitungwa ili kabaidi zake ziwe za vanadi na niobi, kromi ibaki huru yote.

Kwa maisha ya Kampala, Mbale au Gulu, adui ni jasho, unyevu na tindikali za matunda. Nanasi la Luweero linaloliwa kando ya barabara lina tindikali ya kutosha kukifanya cheusi kisu cha kaboni kabla hujamaliza kulila. Utomvu wa matooke una tanini, nao unaacha doa la buluu-nyeusi juu ya chuma cha kaboni na kunata juu ya kila chuma. Paka ubapa mafuta kidogo kabla ya kumenya, kama unavyopaka mikono.

Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, ni maji baridi yasiyo na chumvi, na hilo linabadilisha hesabu. Kuna vyuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya bahari: H1 ya Japani, na LC200N, ambayo sehemu ya kaboni yake imebadilishwa kwa nitrojeni na ambayo asili yake ni beringi za ndege. Unaweza kuviacha kwenye maji ya chumvi navyo visipate kitu. Lakini kwa mvuvi wa ziwani au dereva wa bodaboda anayenyeshewa ni ulinzi wa kupita kiasi, na makali yake, hasa ya H1, yanaisha haraka kwenye katoni. Isipokuwa uko Katwe. Siyo Katwe ya mafundi wa Kampala, ile ya Kasese, yenye ziwa la chumvi. Kule watu wanafanya kazi ndani ya magadi na chumvi, na kloraidi zake hutoboa ule utando wa kromi na kuchimba vishimo hata kwenye vyuma vinavyojisifu. Mtu wa mashimo ya chumvi achukue LC200N bila kufikiri mara mbili, na ahakikishe skrubu na kibanio nazo hazishiki kutu, maana visu vingi hufia hapo.

Hatua ya 4: Zijue familia, usikariri majina

Majina ya vyuma ni mengi na yanaongezeka kila mwaka. Ukizijua familia, jina jipya halikutishi.

Chini kabisa kuna vyuma laini visivyoshika kutu. Kile cha Victorinox kina kaboni ya nusu asilimia hivi na ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, ambacho huandikwa HRC. Watu wa vyuma vya bei hukidharau. Mimi sikidharau: kinanoleka kwa chochote, hata kwa ukingo usiopakwa rangi chini ya kikombe cha udongo, na kikipinda hakimeguki. Opinel ya Ufaransa, yenye 12C27 au ya kaboni, iko jirani yake na inakata vizuri sana kwa sababu ubapa wake ni mwembamba. Angalizo moja la msimu wa mvua: mpini wa Opinel ni wa mti, ukinyonya maji unavimba na kisu kinagoma kufunguka.

Jirani wa hao, lakini hatua kubwa mbele, ni 14C28N. Hiki ni chuma cha Uswidi kutoka Sandvik, kampuni ambayo kitengo chake cha vyuma kilijitenga na sasa kinaitwa Alleima. Kina kaboni ya asilimia 0.62, kromi 14, na nitrojeni kidogo ya kuongeza kinga ya kutu. Asili yake ni vyuma vya nyembe, kwa hiyo kabaidi zake ni ndogo sana na chache. Ushupavu wake ni mkubwa, makali yake yanakubali wembamba, na jiwe la kijivu linakinoa kwa dakika chache. Hakidumu na makali kama vyuma vya unga nitakavyovieleza hapa chini, lakini ukinipa shilingi zangu mwenyewe ninunulie ndugu yangu kisu cha kwanza kizuri, nitatafuta hiki. Visu vyake vya kichina na vya Marekani vinapatikana kwa chini ya nusu ya bei ya MagnaCut.

D2 na VG-10 nazipita haraka. D2 inadumu na makali, inamegukameguka, inashika kutu kidogo; imejaa sokoni kwa sababu ni rahisi kwa kiwanda. VG-10 ya Japani inapata makali makali kweli na haishiki kutu kirahisi, ila siku hizi 14C28N inaishinda kwa ushupavu na mara nyingi kwa bei.

Halafu kuna vyuma vya unga, na hapa ndipo pesa inapoanza kuruka. Chuma cha kawaida kikipoa polepole kwenye kalibu, kabaidi zake hukua kubwa na kujipanga mistari. Kwa njia ya unga, chuma kilichoyeyuka hupuliziwa gesi ya nitrojeni kikawa matone madogo yanayoganda papo hapo. Unga huo hujazwa ndani ya mkebe, ukabanwa kwa joto na shinikizo kubwa hadi uwe kipande kimoja. Kabaidi zinabaki ndogo na zimetawanyika sawasawa. Crucible ya Marekani ilianza kuuza vyuma vya namna hii 1970, na herufi CPM mbele ya jina ni alama yake. Faida yake ni kwamba unaweza kuweka kabaidi nyingi bila chuma kuwa kama kigae.

S30V ilitoka 2001, chuma cha unga kilichokusudiwa visu tangu mwanzo, chenye vanadi ya asilimia 4. S35VN ya 2009 ilipunguza vanadi hadi 3 na kuongeza niobi nusu asilimia, ikawa rahisi kidogo kunoa na kushupaa kidogo zaidi. S45VN ya 2019 iliongeza kromi kwa ajili ya kutu. Tofauti kati ya hawa watatu ni ndogo. Mtu anayekuambia ataitambua kwa kukata bila kusoma maandishi, mpe katoni umtazame. Chukua yeyote ambaye kisu chake kimekupendeza.

M390 ya Böhler ya Austria, 20CV ya Crucible na 204P ya Carpenter ni chuma kimoja kwa majina matatu: kaboni 1.9, kromi 20, vanadi 4. M390 ilianza kama chuma cha kalibu za plastiki, kazi inayohitaji kisilike wala kisipate kutu. Kwa mtu wa makatoni mwenye bamba la almasi, ni raha. Kinga yake ya kutu ni nzuri. Kwa mtu wa mifupa siyo, na kwa mwenye jiwe la kijivu peke yake itamchosha, kwa kuwa kabaidi zake ni nyingi hata kama si zote ngumu kama za vanadi. Elmax ya Uddeholm ni ndugu yake mpole.

S90V, yenye vanadi 9, ndiyo ya wanaohesabu siku kati ya kunoa na kunoa. Naiheshimu, siipendekezi. Ukiiacha ikaisha kabisa, kuirudisha ni kazi ya jioni nzima.

Na MagnaCut. Iliitunga Larrin Thomas, mtaalamu wa vyuma wa Marekani, na ikaingia sokoni 2021. Kaboni 1.15, kromi 10.7, vanadi 4, niobi 2. Ushupavu wake unakaribia vyuma vya zana visivyo na kinga ya kutu, kutu yake ni ndogo kuliko ya S30V na wenzake, makali yanadumu katikati ya S35VN na majirani zake, na inanoleka bila vita, ingawa kabaidi zake ngumu zinafurahia almasi. Haishindi kila kitu. S90V na M390 zinaipita kwenye makatoni, LC200N inaipita kwenye chumvi. Lakini kwa mtu anayefanya kidogo ya kila kitu kwenye nchi yenye unyevu, sijui kingine cha kukitaja kabla yake. Crucible, iliyokuwa ikikitengeneza, iliingia mufilisi Desemba 2024, na mali yake ikachukuliwa na Erasteel, kampuni nyingine ya vyuma vya unga. Kwa hiyo ukisikia kwamba chuma hiki kimekwisha duniani, muuzaji anataka kukupandishia bei.

CPM M4, CruWear na 3V ni vyuma vya zana: vikali, vishupavu, na vinapata kutu mfukoni mwa mtu anayetoka jasho. Waachie wanaofuta kisu kila jioni kwa hiari yao.

Hatua ya 5: Uliza matiko na utazame unene

Matiko ni kukipasha chuma moto na kukipoza ili kiwe kigumu. Chuma kilekile kikitiwa matiko vizuri na vibaya ni vyuma viwili. S35VN ya HRC 57 italala makali yake mapema kama kisu cha jikoni. Ile ya 60 au 61 ni kisu kingine. MagnaCut inapendeza kwenye 62 hadi 64, na viwanda vingine huishusha kwa kuogopa malalamiko. Kabla ya kununua, tafuta namba ya HRC kwenye maelezo ya mtengenezaji. Asiyeitaja kabisa, huku akitangaza jina la chuma kwa herufi kubwa, mtilie shaka. Buck, kampuni ya visu ya Marekani, hutumia 420HC, chuma cha kawaida kabisa, na visu vyake vinasifiwa miaka na miaka kwa sababu ya matiko mazuri.

Kisha tazama unene nyuma ya makali. Ubapa mnene wa S90V unapasua karoti. Ubapa mwembamba wa Opinel unaikata. Shika kisu makali yakikutazama, ulinganishe na kingine. Kile chenye mteremko mpana unaokwenda hadi kwenye wembamba ndicho kitakachokata hata kikianza kuisha. Kama ningelazimika kuchagua kati ya chuma kizuri kwenye ubapa mnene na chuma cha wastani kwenye ubapa mwembamba, ningechukua wa pili bila kujiuliza, na nadhani hata mwenye kisu cha laki nane angefanya hivyo akifumbwa macho.

Hapa ndipo mafundi wa Katwe ya Kampala wanastahili kutajwa. Kisu kilichofuliwa kwa springi ya lori, chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi, si cha kukunja wala si cha kifahari, ila fundi akijua kukitia matiko na kukikonda, kinakata nyama vizuri kuliko visu vingi vyenye jina. Kinataka kufutwa tu.

Hatua ya 6: Nunua kwa macho mawili

Maandishi "Stainless" au "Surgical Steel" juu ya ubapa hayakuambii kitu. Michoro ya mawimbi inayopakwa kwa tindikali ili ionekane kama chuma cha Dameski haikuambii kitu pia. Chuma chenye thamani huandikwa kwa jina lake kamili, na jina hilo lazima lifanane na lililoko kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa modeli hiyo hiyo.

Bandia zipo, tena zimetengenezwa vizuri. Kisu cha jina kubwa kinachouzwa kwa bei ya sahani ya wali na kuku si bahati yako. Huwezi kujua chuma kwa macho wala kwa sumaku, lakini kinoo kinasema ukweli kidogo: kisu kinachodai kuwa M390 kikinoleka kwa misuguo michache juu ya jiwe la kawaida na kuisha baada ya makatoni kadhaa, hicho si M390.

Vingi vya visu vizuri vitatoka nje. Kisu cha kukunja cha MagnaCut au M390 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika mara nyingi kinapita dola 100, zaidi ya shilingi laki tatu na nusu kabla ya usafiri. Juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Muulize msafirishaji hesabu nzima kabla hujalipa, na umwombe mtumaji aweke risiti ya kweli ndani; thamani ya kubuni inaweza kukugharimu zaidi. Mtu akikuletea mkononi, kisu kiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kikiwa kwenye begi la mkononi, kitaishia kwenye sanduku la ukaguzi.

Jua pia kwamba walinzi wa mlangoni kwenye maduka makubwa ya Kampala wanakagua mabegi, na kisu cha kukunja huwekwa pembeni hadi utoke. Chagua kidogo, kisicho na sura ya vita: ubapa wa sentimita 7 unatosha karibu kazi zote zilizotajwa hapa, na kipande kidogo cha chuma cha bei ni nafuu kuliko kikubwa.

Hatua ya 7: Kinoe kabla hakijaisha

Usimpe kisu hiki mtu mwenye mashine ya kusagia yenye kasi. Wanoa visu wa baiskeli wanafaa kwa panga na mikasi. Lakini matiko ya vyuma vingi vya visu hukamilishwa kwenye digrii 150 hadi 220 hivi, na ncha nyembamba ya makali, kavu, ikigusa jiwe linalozunguka kwa kasi, inapita joto hilo kabla mkono haujahisi kitu. Makali yaliyoungua hulainika, na utamlaumu mtengenezaji bure.

Nyumbani, loanisha kinoo, weka ubapa juu yake na uinue mgongo. Kwa ubapa wenye upana wa milimita 25, mgongo ukiwa milimita 7 juu ya jiwe unapata digrii 16 hivi kila upande, pembe nzuri kwa vyuma vyote nilivyovisifu hapa. Anayekata mifupa au kukorofisha kisu ainue hadi milimita 8 au 9. Noa upande mmoja, bila kugandamiza sana, mpaka uhisi upande wa pili uzi mwembamba wa chuma uliojikunja, kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali. Usiwahi kupitisha kidole kwa urefu wa makali. Uzi ukiwa umefika kila mahali, geuza, ufanye hivyo hivyo, halafu punguza nguvu hadi kisu kiwe kinaguswa tu na jiwe. Wengi wanakosea hapa: wanaacha ule uzi, kisu kinakata vizuri siku moja, kesho uzi unalala na wanasema chuma ni kibovu. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi, au gazeti lililolazwa juu ya jiwe.

Vyuma vya unga vinapenda kuguswa kidogo mara kwa mara. Misuguo mitano juu ya almasi laini kila Jumapili ni rahisi kuliko saa nzima kila miezi mitatu, na kwa M390 na S90V tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama utakipenda kisu au utakiuza.

Kwa bawaba na ubapa, tone la mafuta ya cherehani linatosha. Kama unakata chakula, tumia mafuta ya parafini yasiyo na manukato, yanayofaa kugusana na chakula. Paka kidogo na ufute. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, maana yakikaa siku kadhaa yanaganda na kunata ndani ya bawaba. Kisu kikishanyeshewa, kifungue, kikung'ute, kikauke kikiwa wazi, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi: ngozi inashika unyevu na chumvi, na hata MagnaCut ikilala humo msimu mzima wa mvua itatoka na madoa.